Ngome ya Watu Waliokataa Kurudishwa Utumwani



Tangu askari polisi wa kwanza wa Kenya walipotua Port-au-Prince mwezi Juni 2024, Haiti imekuwa ikitajwa hapa Mombasa nyumbani, kwenye matatu na barazani, na karibu kila mara inatajwa pamoja na magenge, bunduki na watu waliofurushwa makwao. Habari hizo ni za kweli, na waliomo ndani yake wanastahili dua na msaada wetu. Ila zimetufanya tuisome nchi ile kuanzia ukurasa wa mwisho. Leo nataka tuanze na mlima.

Mlima huo unaitwa Bonnet à l'Évêque. Uko kaskazini mwa Haiti, nyuma ya mji mdogo wa Milot, kusini mwa bandari ya Cap-Haïtien. Kileleni, zaidi ya mita 900 kutoka usawa wa bahari, imekaa ngome iitwayo Citadelle Laferrière. Aliyeijenga aliipa jina lake mwenyewe, Citadelle Henry; wenyeji, kwa Krioli yao, husema Sitadèl basi, na kila mtu anaelewa. Ujenzi ulianza 1805, mwaka mmoja tu baada ya uhuru, ukaendelea kwa muda wa miaka 15 hivi. Kuta zake mahali pengine zinapanda mita 40 kwenda juu, na eneo lake ni la takriban mita za mraba 10,000. Mwaka 1982 UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya Urithi wa Dunia pamoja na kasri la Sans-Souci na majengo ya Ramiers, miaka 29 kabla ya Fort Jesus yetu kuingia.

Nimeitaja Fort Jesus kwa sababu. Sisi tuliokulia karibu na Ngomeni tuna mazoea yetu ya kuitazama ngome. Ile yetu ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, kwa michoro ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, ili waishike bandari isiyokuwa yao. Izunguke pwani ya Afrika mpaka Elmina kule Ghana, utakuta shughuli ni ile ile: mgeni amefika kwa bahari, amepandisha kuta, na mizinga yake inalinda mali anayoitoa kwetu, wanadamu wakiwa sehemu ya mali hiyo. Ngome ya Milot imegeuza jambo hilo zima. Waliojenga ni watu waliopakiwa kwenye ngome kama zile, au watoto wao, na waliijenga ili yule aliyewapakia akirudi asiwakute mikono mitupu.

Tuwatazame watu hao kwanza, kabla ya mawe.

Kufikia 1789 koloni la Ufaransa la Saint-Domingue lilikuwa na watumwa karibu 500,000. Wazungu walikuwa kama 30,000, na watu huru wenye asili ya Kiafrika walikaribia idadi hiyo. Hakuna koloni lililotoa sukari nyingi kuliko hilo, na karibu nusu ya kahawa ya dunia ilitoka huko. Shamba la miwa liliwaua watu haraka kuliko mama zao walivyoweza kuzaa, kwa hiyo merikebu zilileta wengine kila mwaka, na mapinduzi yalipoanza thuluthi mbili hivi ya watumwa wote walikuwa wamezaliwa Afrika. Wengi walitoka Kongo. Wapo pia waliotoka upande huu wa bara. Mwaka 1776 Mfaransa Jean-Vincent Morice aliandikiana na Sultani wa Kilwa mkataba wa kuuziwa watumwa 1,000 kila mwaka, kwa ajili ya mashamba ya Île de France, ambayo leo ni Mauritius. Katika miaka hiyo hiyo wafanyabiashara wa Kifaransa walizungusha merikebu kupitia Rasi ya Tumaini Jema, zikiwa zimejaa watu wa pwani ya Msumbiji, hadi Saint-Domingue. Na huko waliandikwa kwenye daftari za mashamba kuwa ni "Mozambique". Basi ninapowataja waliobeba mawe kuyapandisha mlima ule, nawataja watu ambao baadhi yao walijua harufu ya bahari hii hii yetu.

Agosti 1791 tambarare ya kaskazini iliwaka. Watumwa walichoma mashamba na viwanda vya sukari, vita ikachukua zaidi ya miaka 12, na utumwa ukafutwa kwanza na watumwa wenyewe, kisha kwa tangazo la mjumbe wa Ufaransa mwaka 1793, kisha na Bunge la Paris mwezi Februari 1794. Kiongozi wao, Toussaint Louverture, aliishika nchi ikatulia. Ndipo Napoleon, akiwa bado hajajitawaza, akapeleka jeshi kubwa chini ya shemeji yake, Jenerali Leclerc, na mwezi Februari 1802 merikebu zikatokea mbele ya mji wa Cap-Français, ambao ndio Cap-Haïtien ya leo. Kamanda wa mji alikuwa Henri Christophe, mtu aliyezaliwa 1767, anayetajwa mara nyingi kuwa mzaliwa wa kisiwa cha Grenada. Alikataa kuwaruhusu kushuka. Walipolazimisha, aliuchoma mji mzima moto, na inasimuliwa alianza na nyumba yake mwenyewe.

Toussaint alikamatwa kwa hila mwezi Juni mwaka huo, akavushwa bahari, akafungwa katika ngome nyingine ya mlimani, Fort de Joux, kwenye baridi ya milima ya Jura, akafia humo Aprili 1803. Huko Guadeloupe Wafaransa walikwisha kurudisha utumwa. Habari zilipowafikia watu wa Saint-Domingue, waliokuwa wakisitasita waliacha kusita. Jeshi la Ufaransa lilimalizwa na homa ya manjano na vita, likashindwa kabisa pale Vertières, nje kidogo ya Cap, tarehe 18 Novemba 1803. Tarehe 1 Januari 1804 Jenerali Jean-Jacques Dessalines alitangaza uhuru, na nchi ikarudishiwa jina lake la kale, Haiti.

Jiweke mahali pao siku ya pili yake. Umeshinda jeshi la Napoleon. Unajua kwamba Ufaransa haijakutambua, wala nchi nyingine yoyote. Unajua wana merikebu kuliko wewe, na kwamba wakija tena hawatakuja kutaka bandari peke yake: watakuja kukutaka wewe, mke wako na watoto wako. Katiba ya Dessalines ya 1805 iliandika wazi la kufanya: mzinga wa kwanza wa tahadhari ukilia, miji itoweke na taifa lisimame. Maana yake, pwani itachomwa, watu watapanda milimani, na adui atafuatwa huko juu ambako merikebu zake hazina faida. Dessalines aliagiza ngome zijengwe milimani kote nchini. Christophe, aliyekuwa jenerali wa kaskazini, alichukua agizo hilo akalifanya kubwa kuliko alivyofanya mwingine yeyote.

Hapa pana jambo ambalo wageni wengi hawalitafakari wakiwa pale juu. Kutoka ukutani unaiona Atlantiki wazi kabisa, ng'ambo ya tambarare. Lakini kutoka ngomeni hadi baharini ni zaidi ya kilomita 15, na mzinga wa zama zile ulikuwa na uwezo wa kilomita 2 au 3. Hakuna risasi hata moja ya Citadelle ambayo ingeweza kuigusa merikebu. Fort Jesus inaitazama bahari na kuitawala. Chombo kikipita mlango wa bandari kinapita mbele ya mdomo wa mzinga. Citadelle inaitazama bahari kwa kungoja. Ilijengwa na watu waliokwisha kukubali kwamba pwani haitashikika, na waliochagua tangu mwanzo mahali pa kupigania siku pwani itakapopotea. Mizinga imeelekezwa kwenye njia za kupandia mlima. Ghala za chakula, mabirika ya maji na mabweni vilipangwa ili watu hadi 5,000 waweze kukaa humo muda mrefu bila kutoka. Mimi sijui ngome nyingine inayoonyesha kwa wazi kiasi hicho hofu ya waliojenga, na sioni aibu yoyote katika hofu hiyo.

Sasa tupande.

Kutoka Cap-Haïtien unafika Milot kwa gari, na kabla ya kuuanza mlima unakutana na magofu ya Sans-Souci, kasri alilolijenga Christophe kati ya 1810 na 1813. Lilipokamilika alikuwa amekwisha kuwa mfalme. Baada ya Dessalines kuuawa Oktoba 1806 nchi iligawanyika, Alexandre Pétion akishika kusini kama jamhuri na Christophe akishika kaskazini, na mwaka 1811 Christophe akajitangaza Mfalme Henri wa Kwanza. Kasri lilikuwa na ngazi pana za pande mbili na mabustani yenye maji ya kutiririka. Tetemeko la tarehe 7 Mei 1842, lililouangusha mji wa Cap, liliangusha na paa na kuta zake. Kanisa la kuba lililo kando ya kasri liliungua mwezi Aprili 2020, na watu wa Milot walililia kama msiba wa ukoo.

Jina Sans-Souci lina mtu ndani yake. Palikuwa na kanali aitwaye Jean-Baptiste Sans Souci, mzaliwa wa Kongo, aliyeendelea kupigana na Wafaransa mwaka 1802 katika miezi ambayo Christophe na majenerali wenzake walikuwa wamesalimu amri na kuhudumu chini ya Leclerc. Christophe aliporudi upande wa mapambano, Sans Souci alikataa kumtii mtu aliyekuwa akimwinda jana, na Christophe akamwita kwenye mazungumzo na kumuua. Mwanahistoria wa Haiti Michel-Rolph Trouillot, katika kitabu chake Silencing the Past cha 1995, alionyesha kwamba kasri lenye jina hilo lilijengwa karibu na mahali alipouawa kanali huyo, wakati waandishi wengi wa nje waliridhika kusema mfalme aliiga jina la kasri la Prussia. Kwa hiyo anayepanda kwenda ngomeni anaanza safari kwa kupita juu ya damu ya Mkongo mmoja aliyekuwa mkaidi zaidi wa wapigania uhuru wote. Waongozaji wazuri wa Milot husimulia habari hii pale pale kwenye ngazi. Ukimpata asiyeisimulia, muulize.

Barabara inaendelea kupanda katikati ya migomba, miembe na vibanda. Gari linakufikisha kwenye egesho, na sehemu ya mwisho, yenye mteremko mkali na iliyotandikwa mawe, ni ya miguu au ya farasi. Vijana wanaoshika farasi wataanza kukusindikiza kabla hujawakubali, na akina mama wanauza maji na matunda kando ya njia. Kwa wengi wao hii ndiyo kazi ya nyumba nzima, na tangu wageni wapungue kwa sababu ya hali ya nchi, kipato kimeanguka. Kwa miaka mingi meli za utalii zilishusha maelfu ya watu kwenye ghuba ya Labadee, upande wa pili tu wa Cap, kwenye ufuo uliozungushiwa uzio. Walio wengi waliogelea, wakala, wakarudi melini bila kuuona mlima. Jambo hilo linaniuma, kwa sababu ni kama kumleta mtu mpaka mlangoni pa jengo ambalo lingembadilishia fikra juu ya Mwafrika, kisha kumgeuza na kumwonyesha mchanga.

Hewa inapoa kadiri unavyopanda. Mchana ukungu huja na kuondoka kwa ghafla, na ngome hujitokeza kwa vipande: kona, kisha ukuta, kisha ile pembe kali ya mbele iliyochongoka kama omo ya jahazi, ambayo inaitwa Batterie Coidavid kwa jina la ukoo wa malkia, Marie-Louise Coidavid. Ukifika chini yake unapinda shingo mpaka kofia inadondoka. Mawe yamekamatana na mwamba kiasi kwamba huoni vizuri mlima unaishia wapi na ukuta unaanzia wapi. Waashi waliufuata mwamba, wakautumia kuwa msingi. Unene wa kuta sehemu nyingine unapita mita 4. Watu watakwambia chokaa yao ilichanganywa na molasi na damu ya ng'ombe na mbuzi.

Ndani kuna baridi na giza la kupendeza. Mizinga imepangwa kwenye matundu yake kwa ghorofa, na hapo inafaa kwenda polepole. Simulizi maarufu inasema ilikuwa 365, mmoja kwa kila siku ya mwaka. Iliyopo leo inazidi 160, na bado huo ni mmoja wa mikusanyo mikubwa ya mizinga ya karne ya 18 popote duniani. Isome. Huu una nembo ya mfalme wa Uingereza, ule wa Ufaransa, ule wa Hispania. Kila taifa lililojaribu kukishika kisiwa kile katika vita ya mapinduzi liliacha chuma chake, na Wahaiti walikiburuta mpaka kileleni. Nje kumelundikwa risasi za mizinga kwa mafungu makubwa, nyingine zimeshikana kwa kutu ya karne 2. Hazikuwahi kupigwa. Adui hakupanda mlima ule hata mara moja.

Kilichonishika zaidi ni maji. Kileleni hakuna mto. Mapaa ya vigae yalitengenezwa yapokee mvua na kuipeleka kwa mifereji hadi kwenye mabirika makubwa, na mpango huo mtu anaweza kuufuata kwa kidole, kutoka paa hadi birika. Wanafunzi wa ufundi na uhandisi mliomo humu, ninyi nawaomba muitafute michoro ya mifereji ile. Aliyeipanga alijua kuhesabu mvua.

Ukitoka juu kwenye ukuta wa mwisho, tahadhari, kwa kuwa hakuna kizuizi mahali pengi. Mbele yako iko tambarare ya kaskazini, kijani yote, ile ile iliyowaka 1791. Mbele zaidi ni Cap-Haïtien, na nyuma ya mji ni bahari. Waongozaji husema siku ya anga safi mtu huiona Kuba, iliyo umbali wa zaidi ya kilomita 200.

Sasa niseme lililo zito. Inakadiriwa kuwa watu wapatao 20,000 walifanya kazi ya kuijenga ngome hii, na hawakuwa huru kukataa. Christophe aliamini kwamba nchi haitasimama bila mazao ya kuuza, na kwamba bila kuuza hakuna baruti, walimu wala manowari. Kwa hiyo aliyarudisha mashamba makubwa chini ya maofisa wake. Sheria zake za 1812, zilizoitwa Code Henry, zilimpa mfanyakazi robo ya mazao, zikaweka saa za kazi na matibabu, lakini zilimfunga kwenye shamba lake asiweze kuhama. Wanaume na wanawake walioshinda vita dhidi ya utumwa walijikuta wanaamriwa kupandisha mawe na mizinga kwenye mlima wa zaidi ya mita 900. Wengi walikufa humo. Wasifu wa Christophe umejaa visa vya kutisha kuhusu ujenzi ule. Kuna kimoja kinachosema kwamba watu 100 waliposhindwa kuuvuta mzinga alipunguza idadi yao kwa risasi mpaka waliosalia wakauvuta. Hicho ni cha wasimulizi, na wageni waliotaka kuthibitisha kwamba mtu mweusi hawezi kujitawala walikipenda mno. Hata ukikiondoa, kazi ya shuruti inabaki, na Wahaiti wenyewe hawajawahi kuificha. Mwandishi wa Martinique Aimé Césaire aliifanya kuwa kiini cha tamthilia yake ya 1963 juu ya Mfalme Christophe. Kabla yake, Mkuba Alejo Carpentier alipanda mlima huo 1943 na riwaya yake ya 1949 ikazaliwa humo.

Kwa hiyo nikiulizwa, ngome ile ni fahari au ni dhulma? Najibu kwamba swali hilo huulizwa na anayemtazama mfalme. Mtazame mwashi. Yule aliyeilaza safu ya mawe ya juu kabisa alikuwa na sababu zake mwenyewe za kutaka ukuta usianguke, kwa kuwa alikumbuka minyororo kuliko Christophe alivyoikumbuka, na wakati huo huo alikuwa na kila sababu ya kumchukia aliyemlazimisha kuulaza. Mambo yote mawili yalikaa kwenye kifua kimoja. Ukuta umesimama imara kwa sababu ya ustadi wake, na ustadi ule haukuamriwa na mtu. Huwezi kumpiga mtu mjeledi akakujengea mfereji unaoteleza sawasawa kwa miaka 200. Hiyo ndiyo imani yangu juu ya ngome ya Milot, na ndiyo iliyonileta hapa jioni hii.

Mfalme mwenyewe hakudumu. Agosti 1818 radi ilipiga ghala la baruti la ngome, na mlipuko ukaua watu wengi, shemeji yake Prince Noël akiwa mmoja wao. Tarehe 15 Agosti 1820 alipooza ghafla akiwa kanisani Limonade. Jeshi lake likaanza kuasi, na tarehe 8 Oktoba alijipiga risasi katika kasri la Sans-Souci. Wachache waliobaki waaminifu waliupandisha mwili usiku mpaka ngomeni na kuuzika kwenye chokaa, usipatikane na waliotaka kuudhalilisha. Kijana wake wa kiume aliuawa siku 10 baadaye. Malkia na binti zake walikwenda Uingereza, kisha Italia, naye alifariki Pisa mwaka 1851, ng'ambo kabisa ya bahari ambayo mumewe aliijengea kuta.

Rais Jean-Pierre Boyer wa jamhuri ya kusini aliiunganisha nchi, na miaka 5 baadaye Wafaransa wakarudi kama walivyotarajiwa. Mwezi Julai 1825 mjumbe wao, Baron de Mackau, alitia nanga Port-au-Prince, nyuma yake kukiwa na kikosi cha manowari, jumla yake 14, na mkononi ana amri ya Mfalme Charles wa Kumi ya tarehe 17 Aprili. Ufaransa itautambua uhuru wa Haiti, ilisema amri hiyo, endapo Haiti itawalipa waliokuwa mabwana wa mashamba fidia ya faranga milioni 150 kwa mafungu 5 ya kila mwaka, na kuipunguzia Ufaransa ushuru kwa nusu. Katika mali zilizofidiwa walihesabiwa na watu wenyewe, wale waliojikomboa. Boyer akatia saini. Fungu la kwanza lilimshinda, akakopa milioni 30 katika benki za Paris, na baada ya benki kukata chake akapokea milioni 24. Mwaka 1838 jumla ilipunguzwa hadi milioni 90. Madeni yaliyozaliwa na mikopo hiyo yaliendelea kulipwa hadi 1947. Kahawa ya vizazi vinne ilipita bandarini kwenda kulipia uhuru uliokwisha kulipiwa kwa damu, na wakati wote huo mizinga ya Citadelle ilikuwa kileleni, mahali pake, imeelekezwa kwenye njia ya mlima. Ngome ilijengwa kumzuia askari anayepanda. Haikuwa na ukuta wa kumzuia karani.

Aprili mwaka 2025, ilipotimia miaka 200 ya amri ile, Rais wa Ufaransa alitangaza tume ya pamoja ya wanahistoria wa nchi mbili kuuchunguza mzigo huo. Wahaiti wengi wanataka zaidi ya uchunguzi, na mimi nawaunga mkono bila kusita.

Kuhusu jengo lenyewe, kazi kubwa ya kuliokoa ilianza 1979, Haiti ilipounda taasisi yake ya kulinda urithi, ISPAN, chini ya msanifu majengo Albert Mangonès, ambaye pia ndiye aliyechonga sanamu ya mtumwa mtoro apigaye kombe, iliyoko Port-au-Prince. Mafundi wa Milot walifunzwa upya kazi ya mawe na chokaa, mapaa yakaezekwa tena, mimea iliyokuwa ikipasua kuta ikang'olewa. Adui wa ngome leo ni mvua, mizizi, mitetemeko ya ardhi na upungufu wa fedha. Serikali iliyolemewa na vita vya mjini haiwezi kuwalipa mafundi wa mlimani kwa wakati, na fundi asiyelipwa huhama na ujuzi wake.

Hapa ndipo ninapotaka tusaidie. Sisi pwani hii tunachoma mawe ya matumbawe kupata chokaa tangu kabla ya Wareno, na Lamu na Mji Mkongwe wa Mombasa bado wapo mafundi wanaoujua udongo na chokaa kwa mikono. Makumbusho ya Taifa ya Kenya imekuwa ikiitunza Fort Jesus kwa miongo mingi, na inajua vizuri chumvi, unyevu na saruji mbaya zinavyolila jiwe la zamani. Kenya imeshapeleka Haiti askari. Napendekeza ipeleke pia waashi, japo wachache, wakae Milot msimu mmoja wa kiangazi, na waashi wa Milot waje wakae hapa Ngomeni msimu unaofuata. Gharama yake ni ndogo kuliko ya gari moja la deraya. Barua ya pendekezo hilo nimeiandika na iko juu ya meza pale mlangoni, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa. Mwenye kuafiki naomba aweke jina lake, na fundi yeyote wa chokaa aliyemo ukumbini asiondoke kabla sijazungumza naye.